Je, Tushuke Nyikani?

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa chama, Lushoto. Inapigwa chapa hapa kwa maombi ya wale waliokuwapo na wale waliokosa kuja.)



Mlinitaka niseme nanyi juu ya jambo ambalo siku hizi lanong'onwa sana maofisini mwetu, nalo ni hili: je, mtumishi wa Serikali mwenye mshahara wa kadiri aendelee kukaa hapa Lushoto, ambapo kiwanja, kodi ya nyumba na unga vimekuwa ghali, ama ashuke nyikani ambako vitu hivyo ni rahisi? Nilikubali kwa hofu, maana mimi si bingwa wa mambo ya uchumi. Ni karani tu. Lakini neno hili limo nyumbani mwangu pia, na ninyi mwajua kwamba mtu hueleza vizuri uzito wa mzigo alioubeba mwenyewe.

Kwanza yafaa tujue sababu ya ughali huu, ili tusiwalaumu wenye nyumba na wenye maduka bure. Watu huongezeka, lakini mlima hauongezeki. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu karibu watu nusu milioni katika Wilaya ya Lushoto, na wakati huo Bumbuli ilikuwa bado imo ndani yake. Sehemu kubwa ya nchi yetu ni miteremko mikali, na sehemu nyingine ni misitu ya hifadhi kama Magamba na Shagayu, ambayo hairuhusiwi kulimwa, na ni haki isilimwe, kwa kuwa ndiyo mama wa mito yetu. Kilichobaki ni mabonde na migongo ya vilima. Mabondeni hulimwa karoti, kabichi na nyanya ziendazo Tanga na Dar es Salaam, na kwa sababu hiyo mwenye bonde hauzi ila kwa bei kubwa. Migongoni baba huwagawia wana wake, nao huwagawia wana wao. Fungu langu mimi la migomba ya marehemu baba, baada ya kugawanywa kwa ndugu watano, nalivuka kwa hatua arobaini.

Tena mwenye kujenga huku juu hulipa mara mbili. Saruji yatoka Tanga, nayo ikifika Mombo haijafika. Bado ina maili ishirini za kona za Soni, na kila kona ina bei yake. Kisha lazima akate mteremko apate mahali pa kusimamisha nyumba, na ajenge ukuta wa mawe ili udongo usimrudie wakati wa masika. Yule ajengaye nyikani husafisha majani tu, akaanza msingi.

Sasa, wenzangu, mshahara wa Serikali haujui mlima wala nyika. Karani wa daraja moja hupata kiasi kile kile akiwa Lushoto, Handeni au Korogwe. Mfanya biashara akipandishiwa bei na yeye hupandisha bei zake. Sisi hatuna cha kupandisha. Kwa hiyo kwetu sisi mahali pa kukaa ni kama nyongeza ya mshahara au punguzo la mshahara, na si ajabu wenzetu wengi wakitazama chini.

Nami nilitazama. Nikachukua daftari nikaandika hesabu ya nyumba yangu. Katika kila shilingi kumi nizipatazo hapa, tatu ni kodi ya nyumba, nne ni chakula, mbili ni shule na mavazi ya watoto, na moja ndiyo ibakiayo. Nikauliza wenzangu wakaao Mombo, nikaandika hesabu ya huko: kodi shilingi mbili, chakula tatu, shule na mavazi mbili; zabaki tatu. Nilifurahi sana usiku ule. Nikamwonyesha mke wangu, nikidhani atasifu akili yangu. Akasoma, kisha akaniuliza maneno matatu: "Nauli ya kupanda kwenye misiba umeiandika wapi? Dawa za homa umeziandika wapi? Na ndizi, kuni na mboga atupazo mama yako bila fedha, huko chini atatupa nani?"

Nikakaa tena na daftari. Nauli na dawa zikala shilingi moja. Mahali pa ndizi na kuni pakala nusu. Faida yangu ya shilingi mbili ikawa nusu shilingi. Sisemi kwamba hesabu yangu ni hesabu ya kila mtu. Asiye na mama mlimani, wala migomba, wala ukoo wa kuzikana nao, faida yake yaweza kubaki nzima. Ninalosema ni kwamba hesabu ya kwanza siku zote huwa na upungufu, na upungufu wake hujulikana na yule apikaye.

Hiyo homa naomba niiseme kidogo. Wazee wetu waliijua kabla ya hospitali kuwapo. Mwaka wa 1897 daktari Mwingereza, Ronald Ross, aliona vijidudu vya malaria ndani ya mbu huko India. Mwaka uliofuata, 1898, daktari Mjerumani Robert Koch alifika milima hii, akaandika kwamba watu wa Usambara wakishuka nyikani hurudi na homa, na kwamba homa ile wao waliita "mbu", kwa jina lile lile la mdudu. Basi wakulima wetu walikwisha kuitaja sababu kwa neno moja tu. Mbu wapo hata huku, lakini kadiri mtu apandavyo ndivyo malaria ipunguavyo, na mtoto aliyekulia kwenye baridi huteremka bila kinga aliyo nayo mtoto wa Mombo. Siku hizi twapata vyandarua na dawa njema; hata hivyo, ashukaye na watoto wadogo na aanze na chandarua kabla ya kitanda.

Huenda mmoja wenu akasema, "Kwa nini tujisumbue sasa? Tutaamua siku ya kustaafu." Ndugu zangu, hapo ndipo penye hatari. Twajua kwamba mtumishi aweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akifika 60. Zamani wengi walitumaini kujenga kwa fedha za mkupuo. Kikokotoo cha mwaka 2022 kiliweka mkupuo huo kuwa asilimia 33 ya mafao. Mwaka 2024 ukapandishwa kuwa 40 kwa wale ambao kwanza walikuwa wakipata 50. Tuchukue karani aliyefanya kazi miezi 360, na wastani wa mshahara wake wa mwisho ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Miezi hiyo hugawanywa kwa 580, ikazidishwa kwa mshahara wa mwaka, kisha kwa 12.5. Asilimia 40 yake ni kama shilingi milioni 37, na pensheni ya kila mwezi ni kama shilingi 372,000. Ni fedha za kushukuru. Lakini anunuaye kiwanja Lushoto, akate mteremko, ajenge ukuta wa mawe na kupandisha saruji kwa milioni hizo, atabaki na nyumba isiyo na bati. Kwa hiyo mahali pa nyumba hapana budi pajulikane tukiwa bado na nguvu na mshahara, si siku ya kuagwa.

Sasa nawapa habari za wenzetu wawili, bila majina. Wa kwanza aliuza fungu lake lote la migomba, akahamia nyikani, akanunua ekari kadhaa. Mwaka wa kwanza alivuna mahindi mengi, akatuletea magunia tukayasifu. Mwaka wa pili vuli ikakosa, na masika yakaja machache. Wafugaji wakaja na ng'ombe wakadai kwamba pale ndipo njia yao ya maji tangu zamani. Na walisema kweli, maana aliyemwuzia hakumpeleka mbele ya Halmashauri ya Kijiji. Leo mwenzetu huyo amerudi Lushoto. Amepanga chumba kimoja, na dirisha la chumba hicho latazama migomba ya baba yake, ambayo sasa ni mali ya mtu mwingine, tena kwa bei ambayo yeye hawezi kuirudisha. Wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Yeye ameucheza ngoma huo mara mbili.

Wa pili aliomba uhamisho, akashuka bila kuuza kitu. Migomba aliiacha mikononi mwa mdogo wake kwa maandishi. Alipanga nyumba mwaka mzima kabla ya kununua. Aliponunua, alikwenda kwa serikali ya kijiji, kama itakavyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, akajitambulisha kwa majirani, akauliza maji hutoka wapi mwezi wa Februari. Sasa ana nyumba yake, na kila likizo hupanda kula ndizi za kwao. Mshahara wao ulikuwa mmoja na nchi waliyoshukia ni moja. Tofauti ni namna walivyoshuka.

Na hii si akili mpya. Hapo kale Wasambaa walipenda kujenga vijiji vyao karibu na ukingo wa mlima. Juu kulikuwa na migomba na hewa njema. Chini, kwa mwendo wa saa chache, kulikuwa na mashamba ya nyikani. Mwaka ambao nyika ilikauka, mlima uliwalisha. Mwaka ambao mlima haukutosha, nyika ilisaidia. Hata watawala walifanya hivyo. Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka wa 1862, Vuga ilikuwa ndiyo kiti cha nchi. Mwanawe Semboja akakaa Mazinde, huko nyikani, penye njia ya misafara, akapata bunduki na mali. Alipoishinda Vuga, hakuhamia mlimani. Alimweka huko mwanawe, naye mwenyewe akabaki Mazinde. Vita vyake vilileta taabu nyingi, wala simsifu kwa hivyo. Lakini aliona jambo moja sawasawa: mtu asiachilie mlima ili kuipata nyika.

Kuna fundisho jingine katika milima hii. Mwaka wa 1946 Serikali ya wakati ule ilianza mpango wa kuhifadhi udongo Mlalo, na kutoka 1950 ukaenezwa mahali pengi pa Usambara. Watu waliamriwa kulima matuta ya kukingama, kazi nzito hasa kwa wanawake, nao hawakuulizwa. Kuhifadhi udongo ni jambo jema. Hata hivyo watu wakakataa, na kabla ya miaka kumi ya matuta kutimia mpango ukaachwa. Basi mume aamuaye peke yake kuhamisha nyumba, akatangaza mezani kama barua ya Serikali, anafanya mpango wa matuta nyumbani mwake. Hata kama shauri lake ni jema, halitadumu.

Bwana Mwenyekiti, kwa maneno machache nashauri hivi. Mtu asiuze kilicho juu kabla ya kuonja kilicho chini, na aonje masika, vuli na kiangazi, si wiki moja ya likizo. Asinunue ardhi ya kijiji gizani. Akumbuke kwamba Mombo imo Wilaya ya Korogwe, na kwamba uhamisho aliouomba mwenyewe hugharimiwa na yeye mwenyewe. Na hesabu yake aionyeshe kwa mke wake kabla ya kumwonyesha rafiki yake.

Mtaniuliza, "Nawe umeamuaje?" Sitaficha. Mama yangu nilimwuliza kama atashuka nasi. Alicheka, akasema kwamba yeye atashuka siku mlima utakaposhuka. Kwa hiyo mimi na mke wangu tumekubaliana na ndugu yangu kukodi shamba nyikani kwa misimu miwili, nami nibaki mezani pangu hapa. Kila gunia na kila nauli itaandikwa. Mwisho wa misimu hiyo, daftari likisema tushuke, nitaandika barua ya uhamisho, na migomba itabaki kwa ndugu yangu kwa maandishi. Likisema tubaki, tutabaki bila kunung'unika, tukijenga chumba kimoja kimoja. Nikijaliwa, nitawaletea hesabu hiyo hapa hapa, ikiwa njema au mbaya, ili wenzangu wasilazimike kulipa ada ya shule ambayo mimi nimekwisha kuilipa.

Mwaka wa 1922, huko Tanga, Martin Kayamba na makarani wenzake waliunda chama cha watumishi Waafrika, wapate mahali pa kusomeana magazeti na kushauriana. Hawakuwa na fedha nyingi kuliko sisi. Walijua tu kwamba karani anayefikiri peke yake hukosea peke yake. Basi mwenye hesabu yake na ailete.