Majina ya Wapagazi

Hall of Memory, jumba la kumbukumbu hapa katikati ya Birmingham, lilifunguliwa mwaka 1925 kuwaenzi wana wa mji huu 12,320 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Majina yao yameandikwa kitabuni, yakawekwa ndani ya kioo. Na wapagazi wetu wa Afrika Mashariki katika vita hiyo hiyo, je? Walibebeshwa risasi na unga porini, wakafa kwa kuhara na malaria, wengi wakafukiwa bila hata jina. Kilichobaki ni Kariakoo, ya Nairobi na ya Dar es Salaam: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, kwa matamshi yetu. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwa kutowaenzi ipasavyo. Radhi tumeisikia. Msikilizaji, kama unalijua jina la babu yako mpagazi, liandike leo.