Gurudumu Kubwa la London: Lini Lipandwe?



Mtu aendaye London kumzuru mwanawe hutamani kulipanda gurudumu liitwalo London Eye, lililo kando ya mto Thames tangu mwaka 2000. Kimo chake ni mita 135, lina vyumba 32 vya vioo, na mzunguko mmoja huchukua nusu saa.

Tikiti inunuliwayo mapema ni nafuu kuliko ya mlangoni. Lakini ukungu ukishuka, fedha zimekwenda na mji haukuonekana. Basi mwenye siku moja tu na anunue mapema. Mwenye juma zima na atazame mbingu kwanza. Tena apendaye machweo akumbuke kuwa Desemba jua huzama kabla ya saa 10 jioni, na Juni baada ya saa 3 usiku.

Haraka ya kununua isimnyime mtu kile alichokiendea.