Nani Anamsikiliza Kijana Anayesikiliza?

Wewe uliye jikoni, wewe unayefunga mbuzi zizini, nawe uliyesimama kando ya duka huko Kola, karibuni tuwe pamoja kwa dakika hizi chache. Kama Biblia yako iko karibu, fungua Kitabu cha Kwanza cha Samweli, mlango wa tatu. Kama haiko karibu, sikiliza tu, maana habari hii umeijua tangu shule ya Jumapili.

Mvulana Samweli alikuwa amelala hekaluni. Akasikia anaitwa, akaamka mbio kwenda kwa mzee Eli, kumbe siye aliyemwita. Ikawa hivyo mara ya pili, na mara ya tatu. Mahubiri mengi huishia pale mtoto anapoitika mara ya nne. Leo nataka twende mbele kidogo, mpaka asubuhi. Kwa maana asubuhi ile Samweli alikuwa na neno zito kifuani, habari ya msiba utakaoipata nyumba ya mzee yule yule aliyemlea. Naye alifanya nini? Maandiko yanasema alifungua milango ya nyumba ya Bwana. Yaani aliamka akafanya kazi yake ya kila siku kana kwamba hakuna kitu, huku akiogopa kusema. Ni Eli aliyemwita, akamwuliza ameambiwa nini, akamsihi asimfiche hata neno moja. Ndipo mtoto akamwaga yote.

Nimeifikiria asubuhi ile kwa ajili ya vijana wetu wanaofanya kazi ya kusikiliza. Siku hizi huku Ukambani wako vijana waliosomea ushauri, yaani kuwatibu kwa mazungumzo watu walioumia moyoni na akilini. Wengine ni wauguzi, wengine ni wachungaji walioongezewa masomo hayo. Tangu mwaka 2014 nchi yetu ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia, inayotaka wafanyao kazi hiyo waandikishwe. Hilo ni jambo jema. Lakini cheti huonyesha kwamba kijana amesoma, hakimwambii la kufanya siku mtu aketipo mbele yake na kusema, “Nimechoka kuishi.”

Tumfikirie mmoja wao, wala tusimpe jina. Amezaliwa kwetu Kalama, amesoma, amerudi. Amepewa chumba kidogo nyuma ya kanisa, na viti viwili. Wiki ya kwanza anakuja mama ambaye hajalala vizuri tangu mwanawe azikwe. Baada yake anakuja baba ambaye mvua imemkatalia misimu miwili, deni la karo limemkaba koo, naye anakunywa. Kisha msichana wa shule anaketi saa nzima bila kusema neno, akiangalia viatu vyake. Kijana wetu anawasikiliza wote. Jioni anapanda kilima kwenda kwao, na hawezi kumwambia mama yake aliyoyasikia, maana ameahidi kutunza siri. Tena yule baba mwenye deni ni binamu ya mama yake! Kesho yake anafungua mlango, anapanga viti viwili, anatabasamu. Samweli naye alifungua milango asubuhi ile.

Baada ya miezi kadhaa, kijana huyu aweza kupatwa na mojawapo ya mambo mawili. Moyo wake huweza kuwa mgumu kama ngozi ya kisigino, akawa anaitikia tu bila kusikia. Au mizigo ya watu humwingia, akakosa usingizi, akakosa hamu ya kazi, mwisho akaiacha na kwenda kuuza mitumba Machakos. Simlaumu anayeuza mitumba. Nasikitika kwa ajili ya yule msichana wa shule ambaye, baada ya wiki nne, alikuwa ameanza kuinua macho.

Walio katika kazi hii wanaijua dawa yake, nayo ni ya zamani. Kila mshauri anayeanza awe na mlezi wa kazi: mshauri aliyemtangulia, ambaye huketi naye saa moja kila wiki, au kila baada ya wiki mbili, wakayatazama pamoja yaliyopita chumbani. Majina ya wagonjwa hayatajwi. Mlezi huyu si mkubwa wa kazi anayekuja kuhesabu daftari. Mkubwa anahitajika, lakini ni mtu mwingine, na kijana hawezi kumfungulia moyo yule anayeandika ripoti juu yake.

Mlezi huuliza maswali ya karibu. Huyo mama aliposema hivyo, wewe ulijibu nini? Mbona uliharakisha kumwombea? Je, alikuwa amemaliza kusema, au ni wewe uliyeshindwa kuvumilia kimya chake? Ndugu zangu, swali hilo la mwisho linatuhusu sana sisi watu wa kanisa. Maombi ni mema, lakini nimeona yakitumiwa kama mlango wa kutokea, mtu asije akaendelea kulia mbele yetu.

Mlezi humfundisha kijana pia kumwuliza mtu waziwazi, “Je, unafikiria kujiua?” Wengi wetu tunaogopa kwamba swali hilo litamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba sivyo. Kuuliza kwa upole hakumpandii mtu wazo hilo, bali humpa nafasi ya kusema yaliyomkaba. Lakini kuyasoma hayo darasani ni rahisi. Kuyatamka kwa mara ya kwanza, mdomo umekauka, ni kazi. Kwa hiyo kijana hufanya mazoezi mbele ya mlezi wake, kwa sauti, mara tatu, mara nne, mpaka ulimi uzoee.

Hapo palikuwa na kikwazo kingine. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Basi watu walificha, na jamaa zao wakawafichia. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho hakipatani na Katiba yetu. Kama habari hii hujaisikia, leo umeisikia, umwambie na jirani. Mshauri kijana huhitaji mtu wa kumwambia mambo kama hayo kwa wakati wake: huyu usimhofie polisi, mpeleke hospitali usiku huu huu, siri hutunzwa, lakini uhai ukiwa hatarini wapo wanaopaswa kuambiwa, nao ni fulani na fulani.

Sisi wa Ukambani tusijifanye hatujui malezi ya namna hii. Tazameni mitaro ya fanya juu iliyokata vilima vyetu. Katika miaka ya 1930 maofisa wa serikali ya kikoloni waliandika habari za Machakos kana kwamba nchi hii inakufa kwa mmomonyoko. Haikufa. Sehemu kubwa ya mitaro ilichimbwa na vikundi vya mwethya, yaani majirani waliokubaliana kulisaidia shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, na wengi wao walikuwa akina mama. Mchimbaji hufuata usawa wa kilima na kurusha udongo upande wa juu, ndiyo maana ya jina lenyewe. Ukikosea usawa, maji hukusanyika mahali pamoja, hupasua ukingo, na shamba la jirani aliye chini huenda nalo. Kwa hiyo mgeni wa kazi hakuachiwa kipande chake pembeni. Aliwekwa kati ya wawili wenye kujua, akaona jembe lao linavyoingia. Na mvua kubwa ikipita walirudi kutazama palipobomoka. Hakuna aliyemwambia, “Wewe ulikwisha fundishwa mwaka jana.”

Jirani zetu wa Makueni wamekwisha kujaribu kitu kama hicho upande wa afya ya akili. Taasisi ya Profesa David Ndetei iliwafundisha huko wauguzi, wahudumu wa afya wa vijijini, hata waombezi na waganga wa kienyeji, kuitambua huzuni nzito iliyo ugonjwa na kumsaidia mtu kwa mazungumzo, wakifuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Msishtuke kwamba nimetaja waganga. Watafiti walijua watu huenda wapi kwanza. Na matokeo waliyoyachapisha yalionyesha wagonjwa wakipata nafuu.

Mbali zaidi, nchini Zimbabwe, yuko daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Dixon Chibanda. Alimpoteza mgonjwa, mwanamke kijana aliyejiua, ambaye jamaa zake walikuwa wamekosa nauli ya basi ya kumleta kwake, kiasi cha dola 15. Daktari mwenyewe ameisimulia habari hiyo hadharani. Mwaka 2006 alianza kazi pamoja na akina bibi 14 katika mtaa wa Mbare, mjini Harare. Walifundishwa kuketi na watu kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutafuta njia katika shida zao. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, walioketi na washauri wa namna hiyo walikuwa na dalili chache kuliko wale waliopewa huduma ya kawaida. Watu wakisimulia habari hiyo husifu bibi na benchi. Mimi nasifu jambo lisilotajwa sana: akina bibi hawakufundishwa siku chache kisha wakaachwa. Waliendelea kusimamiwa, tena walikuwa na mtu wa kumpelekea mgonjwa aliyewazidi. Na angalieni, huko wanafunzi ndio waliokuwa na mvi. Anayeanza kazi si lazima awe mtoto.

Sasa mtu ataniuliza, “Mchungaji, walezi hao watoke wapi huku kwetu?” Turudi kwa Eli. Macho yake yalikuwa yameingia kiza. Wanawe walikuwa wamemshinda, na nchi nzima ilijua. Hata usiku ule alichelewa kuelewa, akamrudisha mtoto kitandani mara mbili bila msaada wowote. Kama tungekuwa tunachagua mlezi katika halmashauri zetu, sidhani kama Eli angepata kura. Lakini alipotambua jambo, hakwenda kulala mahali pa Samweli ili asikie kwa niaba yake. Alimwambia namna ya kuitika, akamrudisha asikie mwenyewe. Na asubuhi, alipoambiwa habari iliyomchoma yeye na nyumba yake, hakumkemea kijana, wala hatusomi kwamba alikwenda kuitangaza sokoni.

Hapo ndipo pa kutazama tunapotafuta mlezi. Yule ambaye jibu lake kwa kila jambo ni “sisi tulivumilia,” mwacheni apumzike. Yule asimuliaye mambo ya watu kwenye chai baada ya ibada, msimpe kijana hata siku moja. Lakini wako wauguzi wastaafu waliofanya kazi miaka mingi Mathari, hospitali iliyoanza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, nao sasa wamerudi nyumbani kulima. Wako washauri wenye uzoefu mjini Machakos. Hao wajue kwamba ujuzi wao haujastaafu. Na mzee wa kanisa ambaye hakusomea kazi hii je? Anaweza kumpa kijana kikombe cha chai, kumwombea, kuhakikisha anapumzika siku moja katika wiki, na hilo si dogo. Ila mambo ya wagonjwa asiyaulize.

Tena mlezi hawezi kuishi kwa shukrani tu. Kutoka Machakos kuja Kola kuna nauli, na kuna saa zake alizoziacha. Kanisa linalompa kijana chumba na viti viwili liweke katika bajeti nauli ya mlezi kwa mara mbili kwa mwezi, na kitu kidogo cha mkononi, kama tunavyofanya kwa mhubiri mgeni. Siku ambazo mvua imeharibu njia, simu yatosha. Lakini kijana asiongee mambo hayo ndani ya matatu, wala dukani, wala mahali watoto wanapocheza. Aende chini ya mwembe peke yake. Na wewe baba au mama ambaye mtoto wako anafanya kazi hii, akirudi jioni amenyamaza, usimlazimishe kusema alichosikia. Mwulize tu kama wiki hii amemwona mlezi wake. Akisema hana, mlete neno hilo kwa wazee Jumapili.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyemwita Samweli usiku na ukamwekea Eli hata asubuhi, uwakumbuke waketio katika vyumba vile vyenye viti viwili. Uwape usingizi usiku huu. Na yule muuguzi mzee anayetusikiliza sasa, umkumbushe jina la kijana atakayempigia simu kesho. Amina.