Kuishi Ndani ya Nyumba Kongwe Inapokarabatiwa

Haya ni maelezo kamili ya mada iliyotolewa kwa wakazi wa mji wa Isiolo kuhusu usalama wa familia zinazoendelea kuishi nyumbani wakati wa ukarabati.

Mada ya leo inahusu jambo linaloonekana katika mitaa mingi ya mji huu. Nyumba ya zamani imefumuliwa mabati, ukuta mmoja umeangushwa, na giza linapoingia wenyewe wanarudi ndani kulala.

Isiolo ni mji wenye umri. Askari wa Kisomali waliopigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia walipewa makao hapa, na baadaye mji ukawa makao makuu ya utawala wa eneo la kaskazini. Kwa hiyo zipo nyumba ambazo kizazi cha tatu au cha nne kinaishi ndani yake: kuta za fito na udongo, nguzo za miti, mabati yaliyoshika kutu, na vyumba vilivyoongezwa kimoja kimoja familia ilipokua. Inapofika wakati wa kuzitengeneza, wengi hawahami. Kodi ya nyumba nyingine ni mzigo juu ya gharama ya fundi. Mbuzi na kuku hawana pa kupelekwa. Tena wapo wanaohofia kuacha ploti bila mtu. Sababu hizi ni za kweli, na mada hii haikuja kuzibeza. Imekuja kueleza namna ya kubaki bila kuhatarisha maisha, na ni wakati gani kubaki hakufai kabisa.

Ukweli wa kwanza ni huu: nyumba iliyo katikati ya ukarabati huwa dhaifu kuliko ilivyokuwa kabla fundi hajaigusa. Katika nyumba kongwe, paa, nguzo na kuta zimeegemeana kwa miaka mingi. Ukitoa kimoja, vilivyobaki vinabeba mzigo ambao havikuuzoea. Zanzibar waliliona hilo tarehe 25 Desemba 2020. Jumba la Beit-el-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka sehemu kubwa likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Lile ni jumba la sultani lenye kuta nene. Nyumba ya udongo yenye vyumba vitatu haina sababu ya kujiamini zaidi.

Kwa hiyo, kabla ya nyundo ya kwanza, mwenye nyumba amuulize fundi swali moja: ni ukuta upi na nguzo zipi zinazobeba paa? Fundi asiyeweza kujibu hafai kupewa kazi hiyo. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi husajili wakandarasi na kutambua mafundi wenye ujuzi, na si aibu kumwomba fundi kitambulisho chake. Vilevile, Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inakataza uendelezaji wowote bila idhini ya kaunti. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kupaka rangi si sawa na kubomoa ukuta. Mwenye kupanga kugusa kuta, msingi au umbo la nyumba apite kwanza ofisi ya mipango ya kaunti.

Jambo la pili ni majira. Mvua za masika huja kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Kipindi kirefu cha ukavu ni Juni hadi Septemba, na huo ndio wakati wa kufungua paa. Kanuni ni rahisi: mtu asifungue leo asichoweza kufunga kabla ya mvua. Pesa za mabati, mbao na misumari ziwe mkononi kabla ya bati la kwanza kuondolewa. Familia nyingi hukwama hapa. Paa linatolewa kwa matumaini, karo ya shule inaingia kati au mgonjwa anapatikana, na Novemba inawakuta chini ya turubai. Fundi alipwe kwa hatua, kila hatua ikikamilika, na makubaliano yaandikwe hata kama fundi ni binamu.

Upepo nao usisahaulike. Unapopata mwanya chini ya mabati yaliyolegezwa, unayanyanyua na kuyarusha kama karatasi. Fundi asishuke jioni akiacha bati limeshikwa na msumari mmoja.

Jambo la tatu ni chumba cha kuishi. Kazi igawanywe ili chumba kimoja kibaki kizima wakati wote: chenye paa, mlango unaofungwa, na njia ya kutokea isiyopita chini ya sehemu inayojengwa. Hapo ndipo watalala watoto, wazee na mama mjamzito. Chumba hicho kiguswe mwisho, baada ya kingine kukamilika na kuhamiwa. Choo cha zamani pia kisibomolewe kabla kipya hakijaanza kutumika.

Katika chumba hicho iko hatari ambayo haina kelele. Familia huziba madirisha kwa nguo ili vumbi lisiingie, kisha usiku wa baridi huingiza jiko la makaa ndani. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala haamki kujiokoa. Jiko libaki nje, hata kama makaa yanaonekana kuwa majivu.

Vumbi lenyewe lipunguzwe kwa maji. Ukuta unyunyiziwe kabla ya kubomolewa, na sakafu ifagiliwe ikiwa na unyevu. Mwenye pumu akae mbali siku za kubomoa. Rangi kuukuu isikwanguliwe ikiwa kavu, kwa kuwa rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Zipo pia nyumba za zamani, hasa za serikali na za taasisi, zilizoezekwa kwa asbesto: mapaa ya kijivu, mazito, yanayofanana na simiti yenye mawimbi. Nyuzi zake zikivutwa kwa pumzi husababisha saratani, ambayo hujitokeza baada ya miaka mingi. Asbesto isikatwe, isivunjwe, isitupwe shimoni, na vipande vyake visigeuzwe uzio wa kuku. Ni taka hatari kisheria. Mwenye nyumba awaone maafisa wa NEMA ili iondolewe na wenye leseni.

Jambo la nne ni maji na simiti. Zege hufikia nguvu inayotarajiwa baada ya siku 28, na linahitaji kuwekwa unyevu angalau siku saba za mwanzo. Kwa jua la Isiolo, sakafu isiyomwagiwa maji itapasuka kabla haijakanyagwa. Familia ipange maji ya kazi mbali na maji ya kunywa, na izuie maji yasikauke upesi kwa kufunika zege kwa magunia yaliyoloweshwa. Pipa lifunikwe kwa ajili ya mbu na kwa ajili ya mtoto anayetambaa; shimo la msingi lizungushiwe miiba au mbao. Simiti mbichi huchoma ngozi na macho. Ikimrukia mtu, aoshwe kwa maji mengi mara moja.

Kwa nyumba za udongo, plasta ya simiti pekee haimalizi tatizo. Udongo hutanuka ukipata unyevu na kunywea ukikauka, lakini simiti haifuati. Matokeo yake ni plasta kubanduka huku maji yaliyonaswa nyuma yake yakiozesha fito. Kwanza nguzo zilizoliwa na mchwa zibadilishwe moja baada ya nyingine huku paa likitegemezwa, na maji ya mvua yaelekezwe mbali na ukuta. Mapambo yaje baadaye.

Umeme uzimwe kwenye swichi kuu kabla ya ukuta wenye nyaya kuguswa, na nyaya zishughulikiwe na fundi mwenye leseni ya EPRA.

Sasa, ni wakati gani familia itoke? Itoke wakati kazi inagusa msingi, ukuta unaobeba paa, au paa lote kwa pamoja. Itoke pia nyumba yenyewe inapotoa ishara: ufa mpya unaopanuka, mlango uliokuwa ukifunga vizuri kuanza kukwama, udongo kudondoka wenyewe kutoka juu ya ukuta, au mbao kulia usiku bila upepo. Asisubiriwe fundi wa kesho. Kulala kwa jamaa au jirani usiku tatu nne ni gharama ndogo. Asiye na pa kwenda, turubai uani ni salama zaidi, mradi lisimamishwe mbali na ukuta kuliko urefu wa ukuta huo.

Majirani nao wana haki yao. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaweka viwango vya chini zaidi kwa kazi za ujenzi baada ya saa kumi na mbili jioni. Kokoto isizibe njia, maana gari la wagonjwa haliombi nafasi mara mbili.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walio na nyumba kongwe wanaziba ufa, na wanastahili pongezi kwa kutunza walichoachiwa. Kinachoombwa ni utaratibu: idhini kwanza, majira yanayofaa, chumba kimoja kizima, na ujasiri wa kutoka nje nyumba inapoonya. Mwenye swali kuhusu idhini afike ofisi ya mipango ya kaunti au amwone msimamizi wa wadi yake kabla hajanunua mfuko wa kwanza wa simiti.