KULEA VIFARANGA NYUMBANI KWA MARA YA KWANZA

Hotuba iliyosomwa na mwanachama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu waheshimiwa, akina mama, na ndugu wanachama,

Halmashauri imenitaka nizungumze juu ya kulea vifaranga wa kununua, kwa sababu mwaka ujao Chama chakusudia kuwakopesha wajane na vijana wetu vifaranga 50 kila mmoja. Nilipoombwa nilitaka kukataa, kwani katika kazi hii mimi nilianza kwa hasara. Lakini nikaona ya kwamba aliyetumbukia shimoni ndiye awezaye kuwaonyesha wenziwe shimo lilipo.

Wahenga walisema, mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Neno hili ni la kweli, lakini walikuwa wakisema habari za kifaranga mwenye mama. Kuku hulalia mayai yake siku 21, na watoto wakiisha kuanguliwa huwafunika kwa mbawa wakati wa baridi, huwaita penye chakula, na hupigana na mwewe kwa ajili yao. Kifaranga aliyeanguliwa kwa mashine, akaletwa katika boksi ndani ya matatu, hana mama. Aliyemnunua ndiye mama yake, na kazi zote za yule kuku sasa ni zake, usiku na mchana. Hilo mimi sikulifahamu.

Nilinunua vifaranga 50 kwa mkopo wa Chama hiki. Walifika jioni, nami sikuwa nimewatengenezea mahali. Nikawatia katika sanduku la mbao la pembe nne, nikaweka jiko la makaa kando yake, nikamwamuru binti yangu, mtoto wa darasa la sita, awaangalie. Kisha nikaenda kulala. Alfajiri nilikuta 31 wamekufa, wamelaliana katika pembe moja. Nilimgombeza mtoto mbele ya majirani, na katika taarifa yangu kwa Halmashauri niliandika ya kwamba vifaranga waliletwa wakiwa wagonjwa.

Wazee wangu, hayo yote mawili hayakuwa kweli. Jiko lilizimika usiku, baridi ikawasukuma pembeni, na wa juu wakawakandamiza wa chini hata wakakosa pumzi. Kosa lilikuwa langu. Deni nimelilipa lote, na binti yangu nimemwomba radhi nyumbani. Leo nawaomba radhi ninyi.

Sasa nitayataja niliyojifunza tangu siku ile.

Jambo la kwanza ni mahali. Nyumba hutangulia mgeni. Zungusheni duara la mabati membamba au karatasi ngumu, lisilo na pembe hata moja. Chini tandazeni maranda makavu, na juu yake gunia safi kwa siku mbili tatu, wasije wakala maranda wakidhani ni chakula. Karatasi laini haifai, kwa kuwa kifaranga huteleza juu yake na miguu yake ikapanuka kwa kilema. Moto uwashwe saa kadhaa kabla ya vifaranga kufika, ili wakute pamekwisha kupata joto.

La pili ni joto lenyewe. Juma la kwanza yatakiwa digrii 32 hadi 35 za Selsiasi, kisha hupunguzwa kama digrii 3 kila juma, hata ifike karibu 21. Asiye na kipimajoto na awatazame vifaranga wenyewe. Wakisongamana karibu na moto na kulia, wanaona baridi. Wakikimbilia ukingoni na kuhema midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika sawasawa, hawa wanakula na hawa wamelala, basi wametosheka. Wenzetu wa Limuru na Kinangop watahitaji moto kwa muda mrefu kuliko ndugu zetu wa Mombasa. Tena nawaonya sana juu ya jiko la makaa: hewa yake ni sumu isiyo na harufu, huua kuku na watu pia. Penye jiko sharti pawe na tundu za kupitisha hewa, wala vifaranga na jiko lao wasiwekwe katika chumba wanamolala watu. Na usiku wa kwanza wakeshe watu wazima wawili kwa zamu. Si kazi ya mtoto.

La tatu ni maji. Kifaranga huanguliwa akiwa na akiba ya kiini cha yai tumboni, nayo humtosha siku mbili hivi. Ndiyo sababu aweza kusafirishwa. Lakini akifika ana kiu. Mpeni kwanza maji yenye uvuguvugu, mkichovya mdomo wa kila mmoja polepole apate kujua maji yalipo. Chombo kiwe kifupi, chenye vijiwe safi ndani yake, asije akazama.

La nne ni chakula. Vifaranga wa kuku wa mayai hutaka chakula chao maalum, chenye protini ya asilimia 18 hadi 20. Unga wa mahindi peke yake hautoshi, na chakula cha kuku watagao kina chokaa nyingi iharibuyo figo za vifaranga. Katika majuma manane ya kwanza kila mmoja hula karibu kilo 2. Kwa hiyo mwenye vifaranga 50 ajue atanunua kilo 100, yaani magunia mawili ya kilo 50. Wengi huhesabu bei ya vifaranga, wakasahau bei ya chakula.

La tano ni usafi na chanjo. Maranda yaliyolowa huleta ugonjwa wa kuhara damu. Yaondolewe kila siku, hasa kandokando ya chombo cha maji. Muulizeni mwuzaji kama vifaranga wamekwisha kuchanjwa ugonjwa wa Marek, kwani hiyo hutolewa siku ya kwanza. Chanjo za Gumboro na kideri huanza katika majuma matatu ya kwanza na kurudiwa, kwa ratiba ya afisa wa mifugo. Kideri hakina dawa ya kuponya. Kikiingia bomani chaweza kufagia kuku wote. Chanjo ya kutia majini hutunzwa penye baridi, wala haichanganywi na maji ya bomba yenye dawa ya klorini, maana huiua. Na kwa kuwa chupa moja mara nyingi hutosha kuku 100 au zaidi, wanachama wawili majirani waweza kuinunua kwa shirika na kuchanja siku moja.

Mwisho, msiwasahau adui: panya, paka, nguchiro na siafu. Ziba matundu yote kabla ya usiku.

Mara ya pili nilinunua vifaranga 25, nikafiwa na wawili tu. Binti yangu ndiye aandikaye katika daftari chakula chao na siku za chanjo, na huniamsha mimi nikisinzia.

Bwana Mwenyekiti, naiomba Halmashauri mambo matatu. Mosi, asikabidhiwe mtu vifaranga mpaka mahali pake pamekaguliwa, na moto umekwisha kuwashwa. Pili, mkopo uwe wa vifaranga pamoja na chakula chao, na anayeanza aanze na 25. Tatu, atakayepata hasara aruhusiwe kuieleza kwa kweli bila kuogopa. Kama ningalisema kweli mwaka ule, huenda mwenzangu mmoja angalijifunza kwa hasara yangu badala ya kupata yake.

Haba na haba hujaza kibaba.