Video ya Kwaya: Ni ya Nini, na Inamlipa Nani?



Nimepewa dakika chache kusema juu ya jambo lililotugawanya tangu Januari. Pesa za harambee ya jubilii zitengeneze video mpya au zinunue kinanda? Mimi niko upande wa video, nasema mapema. Lakini si kwa sababu wanayoitaja vijana wetu, kwamba YouTube itatulipa.

Tupige hesabu. Ili YouTube ikugawie pesa za matangazo, chaneli kwa kawaida inatakiwa iwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Wimbo wa dakika tano, ukitazamwa mpaka mwisho, lazima utazamwe mara 48,000. Na hapo mlango ndio umefunguliwa tu, hamjaona hata senti.

Faida ya video huingilia mlango mwingine. Wengi wetu tuliwapenda Ambassadors of Christ kabla ya kuwaona ana kwa ana. Ni kwaya ya Waadventista wa Remera, Kigali, lakini "Kwetu Pazuri" ilituingia kwa picha: mpangilio wao, sare zao, nyuso zao. Mwaka 2011 walipopata ajali wakitoka Tanzania wakapoteza waimbaji watatu, nakumbuka akina mama hapa Kitale walilia kama waliofiwa. Walikuwa wanawajua kwa sura.

Hata sisi, VCD yetu ya kwanza haikurudisha gharama. Kabla hatujauza nakala hamsini, nyimbo zote zilikuwa zimeshajazwa kwenye flash pale steji. Lakini wenzetu wa Bungoma walituona kwenye runinga ya matatu, wakatualika arusini, kisha kwenye matanga, kisha kwenye harambee yao. Mialiko hiyo ndiyo iliyolipa sare hizi tulizovaa, na fundi wetu wa nguo ni shahidi.

Sasa, kabla kamera haijawashwa, makaratasi. Prodyuza wa mara ile aliziweka nyimbo zetu kwenye chaneli yake, na mpaka leo ziko huko. Mkataba ulitaja VCD tu, intaneti haikutajwa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, lakini wimbo ni mali moja na picha ni mali nyingine. Basi iandikwe picha ni ya nani, chaneli ni ya nani, na nywila inatunzwa na nani. Isiwe mimi peke yangu, makatibu huhama. Tusajili kazi yetu KECOBO. Na mtunzi wetu, ambaye hajawahi kudai hata nauli, jina lake lionekane kwenye video na fungu lake liandikwe kwa asilimia, pamoja na la Skiza tukifika huko.

Tutapiga kura Jumapili ijayo baada ya ibada. Video ikipita, napendekeza tukapigie picha maporomoko ya Nabuyole, Webuye, ili wenzetu wa Bungoma nao wafike bila taabu. Twende wakati wa kiangazi, maana mvua ya huku haijui sare mpya.