Si Baridi, Wala Si Uzee

Msikilizaji, mama yangu mdogo anaishi Tanga. Asubuhi moja ya mwezi Februari, akiwa na miaka 38, alishindwa kufunga kanga. Vidole havikukunjika. Alikaa ukingoni mwa kitanda mpaka saa tatu, ndipo mikono ikaanza kulegea. Waliomsikia wakamwambia ni baridi. Februari, Tanga, watu wanalala madirisha wazi, na yeye anaambiwa baridi imemwingia mifupani!

Mimi lawama naitupia jina. Ugonjwa huu tumezoea kuuita baridi yabisi. Yabisi sina ugomvi nayo, kwani viungo hukakamaa kweli. Baridi ndiyo inayotupoteza. Ikishatajwa, kila mtu huwa mganga: vaa sweta, jichue mafuta, oga maji ya moto, usikanyage sakafu bila viatu. Mama mdogo alioga maji ya moto miaka miwili, na katika miaka miwili hiyo vidole vyake vikapinda.

Ninaouzungumzia hapa madaktari huuita rumatoidi athraitisi. Chanzo chake ni kinga ya mwili. Askari wetu wa ndani, ambao kazi yao ni kupambana na vijidudu, hugeuka na kuushambulia utando laini uliomo ndani ya viungo. Utando huvimba, ukanenepa, ukaanza kula gegedu, kisha mfupa. Mara nyingi huanzia vidoleni na kwenye vifundo vya mikono, kulia na kushoto kwa pamoja, na mgonjwa huamka amekakamaa kwa saa nzima au zaidi. Goti la mzee aliyechakaa kwa kazi huuma anapotembea, likatulia anapokaa. Lakini mwenye ugonjwa huu hulegea viungo anapoanza kujishughulisha. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa wakiishi nao, na takriban asilimia 70 yao ni wanawake.

Wala si ugonjwa wa wazee peke yao. Daktari Christiaan Barnard wa Afrika Kusini, aliyeongoza operesheni ya kwanza ya kumpandikizia mtu moyo wa mtu mwenzake, Cape Town, Desemba 1967, aligundulika kuwa nao akiwa bado kijana wa miaka thelathini na kitu. Alipasua mioyo ya watu kwa mikono inayouma, mpaka mwaka 1983 akaweka kisu chini.

Sasa tuje kwenye tiba, maana hapa ndipo watu wetu wanapopotelea. Kituo cha kwanza ni duka la dawa. Mama mdogo alimeza diklofenaki kama njugu. Maumivu yalipungua, lakini viungo viliendelea kuliwa ndani kwa ndani, na juu yake akapata vidonda vya tumbo. Kisha mtu akampa prednisoloni. Siku ya tatu alikaa kwenye mbuzi akakuna nazi mwenyewe, na nyumba nzima tulimshukuru Mungu. Dawa za jamii hiyo zilianza kujaribiwa kwa wagonjwa hawa Marekani mwaka 1948, na waliozileta walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1950, kwa hiyo simshangai anayezipenda. Tatizo ni kuzimeza miezi na miezi bila daktari. Uso wa mama mdogo ulijaa, sukari ikapanda. Dawa hiyo hudhoofisha mifupa pia, na ukishaizoea usiiache ghafla. Ina kazi yake, lakini ni kazi ya muda, chini ya jicho la daktari.

Dawa iliyomfaa aliipata mwaka wa tatu: methotreksati. Si mpya, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Huituliza ile kinga iliyoasi, na hivyo huulinda mfupa. Lakini msikilizaji, sikiliza vizuri hapa: humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Kuimeza kila siku kumeshaua watu. Mgonjwa hupewa pia asidi ya foliki, hupimwa damu na ini mara kwa mara, na pombe ni ya kukaa nayo mbali. Mjamzito asiiguse, na anayetaka kushika mimba amweleze daktari mapema, kwani zipo nyingine kama salfasalazini na haidroksiklorokwini. Zipo pia sindano za kisasa, ghali sana, na kabla ya kuchomwa lazima upimwe kifua kikuu, maana zinaweza kukiamsha kilicholala.

Methotreksati haina haraka. Huchukua wiki sita hadi kumi na mbili kuonyesha kazi yake. Wiki ya nne mama mdogo alitaka kuitupa, akisema ni unga mtupu. Mumewe ndiye aliyemshika mkono. Leo humeza vidonge vyake kila Ijumaa usiku, anafunga kanga mwenyewe, anasukuma chapati. Vidole viwili vilivyopinda havikunyooka.

Wewe unayenisikiliza, kama viungo vya mikono yako vimevimba na unaamka umekakamaa, na hali hiyo imefika wiki sita, usisubiri miaka miwili. Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, uliza kliniki ya magonjwa ya viungo iko wapi, na mwonyeshe daktari mikono yako. Kipimo cha damu kikisema huna, bado mwombe aviangalie viungo vyenyewe, kwa sababu wapo wagonjwa wengi ambao damu yao haionyeshi kitu.